Mashine ya Mzee Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Sasa hivi tu mwanangu Sisimizi ametia mguu kwenye kopo la gundi. Mguu mzima. Halafu akatembea juu ya maranda, akanijia amevaa soksi ya maranda, kifua mbele, kama kanunuliwa kiatu kipya. Nimemsugua kwa maji ya moto mpaka mikono ikachoka. Amelala. Naandika haraka kabla hajaamka.

Viti arobaini. Mwalimu wa chekechea anavitaka kabla shule haijafunguliwa. Nikajibu, bila wasiwasi, mwalimu. Mdomo wangu huu! Kwa msumeno wa mkono natoa kiti kimoja kwa siku, na kifundo cha mkono kimevimba, hata nguo siwezi kukamua. Nikishindwa ataagiza vya plastiki. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Baba Sisimizi ni fundi bomba, anasikia mambo ya kila nyumba. Leo kasikia kuna seremala mzee anauza mashine. Ile ya kazi nyingi — inapasua mbao, inapiga randa, inatoboa, yote kwenye mwili mmoja. Inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani. Tunaenda keshokutwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiona. Chuma kizito, rangi ya kijani imebanduka pembeni, lakini meza yake inang'aa kama sahani. Nilipitisha kiganja. Baridi, hakuna mkwaruzo. Nikapitisha tena.

Mwenyewe wanamwita Mzee Tisa. Nilidhani ni mtoto wa tisa kwao. Kumbe ni vidole.

Macho yamempungua, ndiyo maana anauza. Ila hana haraka. Mkewe alitunong'oneza mlangoni: wanunuzi wamekuja wengi, mzee anawafukuza. Mmoja kafukuzwa kwa kuvaa shati la mikono mirefu. Mwingine kwa kuchekacheka. "Utadhani anaozesha binti," akasema.

Mzee akaanza kumuuliza mume wangu habari za mbao. Naye akasema, "Mzee wangu, mimi ni wa mabomba. Fundi ni huyu." Mzee akanitazama, mimi na mtoto mgongoni. Mpaka nikaanza kujisikia nina vumbi usoni.

"Njoo Jumamosi, binti. Uje ukate nione."

Njiani mume wangu ananiuliza, hiyo ikiingia nyumbani yeye atalala wapi. Nimemwambia si kuna meza pana pale juu.

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kutulia. Nimepima chumba cha nyuma. Inaingia. Nimepika, nimefua, nimerudi nimepima tena. Inaingia.

Sisimizi anashika ncha ya futi na kuikimbiza. Kwake ni nyoka.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kabla sijamwambia mtu.

Nilifika asubuhi, mtoto mgongoni. Mke wa mzee akampokea, akatoka naye uani wakaangalie kuku. Nikafungua shuka la kumbebea, nikalikunja vizuri. Chini kulikuwa na vumbi la mbao. Shuka nikaliweka juu ya meza ya mashine, upande wa pili, upande wa randa. Mimi kazi yangu ilikuwa upande wa msumeno.

Nikabonyeza swichi. Nikasukuma ubao taratibu kama nilivyofundishwa na marehemu baba. Ukapasuka umenyooka. Harufu ya mbao mbichi ikajaa. Nikasema moyoni, hii ni yangu.

Halafu mlio. Kama mbwa kanyakua nyama.

Mashine hii mota ni moja. Msumeno ukizunguka, na visu vya randa vinazunguka, hata kama hakuna unachoranda. Ninajua. Nilikuwa ninajua! Nilisahau tu, maana macho yalikuwa huku. Shuka lilishamezwa. Mashine inanguruma, imekwama, moshi unatoka. Mzee akaisukuma swichi kwa kiuno, ikazima.

Hakunigombeza. Ndiyo mbaya zaidi. Alichukua koleo akawa anavuta vipande, kimoja kimoja, anavipanga juu ya meza. Vipande vyembamba kama tambi. Na mimi nimesimama pale nahesabu moyoni: dakika kumi. Dakika kumi nyuma mtoto alikuwa ndani ya shuka hilo.

Uani Sisimizi anacheka na kuku.

"Ubao umeukata vizuri," mzee akasema. "Nenda nyumbani."

Jumapili, 9 Machi

Jana nilimdanganya mume wangu kwamba shuka limelowa, nimeliacha kule. Leo nimeshindwa. Nimemwambia yote, ameshika kikombe cha chai, hanywi.

"Basi tuachane nayo," akasema.

Nikasema sawa. Nikajisikia nimetua mzigo. Nikaenda kukata miguu ya kiti kwa mkono, kimyakimya, na kufika mchana nikawa nimekasirika vibaya sana. Kwani mtu akimwaga mafuta ya moto mara moja anaacha kupika? Lakini mafuta hayapigi duru elfu ngapi kwa dakika. Lakini viti. Lakini mtoto anapanda kila kitu, jina lenyewe hakupewa bure.

Miguu mitatu imetoka mifupi. Kiti kinayumba kama mlevi.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu kapita kuangalia. Amekuta viti sita. Akaketi kwenye kimoja, magoti yakamfika kidevuni, akasema ni imara. Hakutaja plastiki. Nilitamani angetaja, nijue moja.

Jumanne, 11 Machi

Nimeenda kwa mzee. Mtoto nimemwacha kwa mama. Mume wangu nimemuaga kwa kumwambia ninakoenda, akasema tu, "Haya, mama. Nenda na akili zako zote."

Mzee alikuwa anakaza mkanda wa mashine. Nikamwamkia. Nikamwambia sikuja kununua, nimekuja kusafisha nilichochafua.

Akanipa brashi. Nimesafisha robo saa. Ndipo akasema, bila kugeuka: "Taja kila kinachozunguka."

Nikataja. Msumeno. Visu vya randa. Mkanda.

"Umesahau."

Kichwa cha kutobolea, kule ubavuni. Kumbe nacho kinazunguka muda wote, na hakina hata mfuniko.

Akaniambia nifumbe macho, nitaje tena huku nikionyesha kwa kidole kilipo. Mara tano. Mara ya sita nikacheka, nikasema mzee, hata sala siijui hivi. Akasema, "Ndiyo. Kila siku kabla ya swichi."

Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, akautazama kama si wake.

"Siku ile nilikuwa napasua mbao. Kama wewe. Nikaegemeza mkono upande wa pili. Wewe umetoa kitambaa."

Wakati wa kutoka mkewe alinivuta pembeni. Mwenye kiwanda cha milango anakuja Alhamisi na lori. Huyo hataki tena kuulizwa maswali, anakuja na watu wake wa kubeba. Mama wa watu alikuwa ananihurumia. Mzee mwenyewe hakuniahidi kitu. Si ndiyo, si hapana.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ndiyo ya lori. Tangu asubuhi sijakata hata kipande. Nimefagia uwanja mara mbili.

Saa nne hodi mlangoni. Mzee Tisa, peke yake, kaletwa kwa pikipiki, ana mfuko wa zana. Hata maji hakutaka. "Chumba kiko wapi?"

Nimemwonyesha. Akazunguka humo akipapasa kuta kwa kiganja. Akauliza swichi ya umeme iko upande gani. Akachora kwa chaki sakafuni, mstari mrefu, akasema mtoto haupiti huu hata ukiwa umezima. Mume wangu akasema, sawa mzee. Akajibiwa, "Sikusemi wewe."

Kisha wakatutoa, yaani mimi na Sisimizi. Niko jikoni, daftari juu ya pipa la maji. Nasikia wanang'oa komeo la mlango. La kwetu lilikuwa chini, mzee kaja na lake, zito, analipandisha juu. Mume wangu anashika, yeye anakaza kwa kupapasa.

Simu ya mzee imelia. Nimesikia sauti ya mkewe mpaka huku: lori limefika, watu wamesimama, wanataka kuanza kufungua mashine. Akasema, "Wape viti wakae." Akaendelea kukaza.

Imelia tena. Hajapokea.

Sasa ananiita. "Binti! Mlete na mdogo, asimame hapa mlangoni tuone mkono wake unafika wapi." Naenda, ila niandike kwanza kwamba simu imelia mara ya tatu, na nimemsikia akimwambia mume wangu aizime kabisa, maana yule mwenye lori hatapakia kitu, mashine inakuja hapa.