Wimbo wa Tatu, Upande wa Pili

Jumatatu, 4 Machi

Mtangazaji wa redio kapiga tena. Anakuja hapa nyumbani Jumamosi, saa nne asubuhi, na kinasa sauti chake. Kipindi kizima kuhusu Baba! Miaka sita tangu tumzike, leo ndiyo wamemkumbuka. Anataka nipige ule wimbo wa tatu, upande wa pili wa santuri ya bendi yao, halafu nieleze jinsi vidole vya Baba vilivyocheza kwenye nyuzi. Nikaitikia mbio mbio. Mdomo uliponza kichwa — wimbo wenyewe siuwezi!

Yaani kodi nazijua. Ni nne tu: A maina, F, C, G. Mtoto wa juzi anazipiga. Lakini kwenye santuri zinameremeta, kwangu zinagonga kama ndoo tupu. Kwa nini? Gitaa ni lile lile la Baba.

Nikamwambia Mama, "Natafuta kodi, zimenishinda." Akaacha kukata vitunguu. "Zimekushindaje, na mwenye nyumba si tumemlipa juzi?" Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamweleza: kodi za gitaa, zile sauti zinazopigwa pamoja. Yeye hakucheka. Akasema wimbo ule umechakaa, nichague mwingine.

Jumatano, 6 Machi

Kazini kwangu, steshenari, leo nimeboronga. Spika za masikioni zimeniteka, nikadurufu cheti cha mteja nakala arobaini badala ya nne. Bosi kanitazama tu. Bora angenitukana.

Lakini nimepata kitu! Nimeupunguza mwendo wimbo kwenye simu, ukawa unatambaa. Kila kodi, uzi mwembamba unalia kwanza, mnene unafuata. Kwangu ni kinyume: mkono unashuka, mnene kwanza. Wimbo mzima hivyo. Sasa hii ni nini?

Halafu nimekumbuka jambo. Mtaa mzima ulimwita Baba "Vidole" kwa ajili ya wimbo huu, na sikuwahi kumwona akiupiga. Hata mara moja. Kwenye sherehe wakimwomba, anapiga mingine. "Ule una mwenyewe," anasema, watu wanacheka. Nilidhani ni unyenyekevu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimetoroka mapema, nikaenda kwa fundi wa magitaa nyuma ya duka letu. Ana gundi mpaka kwenye nyusi. Akasikiliza kafumba macho, mara mbili. Kisha akachukua gitaa ukutani, akaligeuza juu chini, nyuzi nene zikawa upande wa magoti. Akapiga A maina.

Ndiyo yenyewe! Nywele zilinisimama.

"Huyu ni mtu wa mashoto," akasema. "Na gitaa halikuwa lake. Lingekuwa lake angebadilisha nyuzi. Huyu alijifunzia la kuazima, akaogopa kugusa nyuzi za watu." Akauliza kama Baba alikuwa wa mashoto. Nikasema hapana, Baba mkono wa kulia kwa kila kitu.

Nikashukuru, nikaondoka zangu. Nimefika ngazi ya tatu ya nyumbani ndipo nikasimama kama nimepigwa shoti.

Mimi ni mjinga. Miaka yote hii!

Ijumaa, 8 Machi

Mama akishika kisu — kushoto. Pasi — kushoto. Kofi — kushoto, shavu langu shahidi.

Nikamuuliza bila kuzunguka. "Mama, umewahi kupiga gitaa?"

"Zile nguo hujaanika."

Nikaanika. Niliporudi alikuwa kanipa mgongo, anasugua sufuria lililokwisha kutakata. Akaongea na lile sufuria. Kwamba baba yake aliapa, binti atakayeingia bendi asirudi kwake. Kwamba Baba ndiye aliyekuwa anamwazima gitaa, nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Siku ya kurekodi aliingizwa mlango wa nyuma, akapiga wimbo mmoja tu, huu. Jina kwenye jalada likawekwa la Baba, kumlinda yeye. Basi. Baadaye babu alikufa, lakini Baba alikuwa keshakuwa Vidole.

"Kwa hiyo kesho niseme nini?"

"Usimvue nguo marehemu mbele za watu."

Namkasirikia Baba. Namhurumia pia, hakuthubutu kuupiga hata harusini kwangu. Nikisema, nimemwaibisha. Nikinyamaza, nimemwibia Mama kwa mara ya pili, tena redioni. Na yeye anasugua sufuria.

Jumamosi, 9 Machi

Saa tatu na nusu. Nimelikaza gitaa nyuzi, nikaliacha kwenye kochi, nikaja chumbani kupiga pasi blauzi. Sikulitega. Haya, nimelitega.

Mara — A maina. Nyembamba kwanza!

Nimechungulia. Mama kakaa ukingoni mwa kochi na aproni yake, gitaa juu chini. F imemkwama. Anajisonya. "Vidole vimekufa," anajiambia. Anarudia. Imekwama tena. Anarudia. Sijui nalia nini, blauzi nimeiunguza kola.

Saa nne kasorobo. Sasa imepita! F, halafu C, inameremeta ile ile. Anaimba kwa pua, polepole.

Hodi. Mtu wa redio kawahi, balaa gani hili! Naandika nimesimama, daftari mkononi. Nimetokea sebuleni, Mama kaacha kupiga. Nikamuuliza kwa macho: nifungue?

Hodi ya pili. Anautazama mlango, ananitazama mimi.

Gitaa hajaliweka chini, wala hajaligeuza.