Bibi Aliyetia Saini

Mpendwa mshauri, nakuomba msaada kabla sijapasuka, maana siri hii nimeibeba wiki mbili na haizoeleki. Mimi ni mkunga mstaafu, naishi kwa binti yangu, na mumewe, yaani mkwe wangu, ni mwalimu, tena ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu waiunge mkono sheria ya kuzuia maduka kuwauzia watoto gemu za mauaji, na ilipopita alifurahi kama aliyepata mtoto. Sasa Jumamosi moja mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja, tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupoi, akaniambia, "Bibi, kuna gemu naitaka, lakini dukani wanasema niende na mtu mzima. Wewe si mtu mzima?" Nikamjibu, "Kuliko wote humu ndani," nikavaa viatu, tukaenda. Muuzaji akaniuliza, "Mama, hii unaijua?" na mimi, kwa kuogopa kuonekana mshamba, nikasema naijua sana, akanisogezea daftari la watu wazima wanaowanunulia watoto, nikatia saini.

Siku ya tatu naingia sebuleni na chai yangu, nakuta kwenye televisheni mtu anachinjwa, na anayemchinja ni mjukuu wangu, kidole kwenye kitufe. Mshauri, nimezalisha miaka thelathini mtaa huu huu na damu nimeiona, lakini ile ilikuwa damu ya mtu kuja duniani. Nikazima. Nilidhani atapiga kelele, kumbe akalia, akasema, "Bibi, ichukue. Nikifumba macho nawaona. Ila darasani wote wanayo, nikiacha mwenyewe watanicheka. Nikinyang'anywa, sawa." Nikamkumbatia, moyo wangu ukashuka mahali pake, kesho yake tukairudisha dukani, na tangu hapo analala fofofo na mdomo umerudi kazini. Lakini jana tukiwa mezani mkwe wangu akasema, "Unaona, mama? Sheria inafanya kazi. Kwetu haijaingia hata moja." Chiriku akanitazama, mimi nikajaza chakula mdomoni. Je, nimwambie, anione mnafiki na jasho lake lote alione la bure, au ninyamaze kwa kuwa yameisha salama?

Mkunga Mstaafu

*

Shikamoo, bibi. Ukishaitikia, keti, nikukaripie kwa adabu.

Enzi zako za kazi, ungempa mjamzito dawa bila kusoma chupa? Dukani uliulizwa swali jepesi, ukaona aibu, ukadanganya. Muuzaji alifanya lake na sheria ilifanya lake. Aliyeteleza ni wewe. Kwa hiyo usiniambie jasho la mkweo ni la bure. Sheria ilimzuia mtoto, ikamwambia alete mtu mzima ili huyo mtu mzima afikiri. Hiyo sehemu ya kufikiri hakuna bunge litakalokufanyia.

Basi, ukali umekwisha. Pumua. Mtoto amelia kifuani mwako badala ya kulia peke yake chini ya shuka, na wanaolia hivyo ni wengi, barua zao ninazo. Hukumpiga, hukumtukana, ulizima na kumkumbatia. Hapo nakuvulia kofia.

Sasa sikiliza. Mwambie mkweo leo hii, kabla ya chakula, mkiwa mmetulia. Anza na yale maneno ya mtoto, "Nikinyang'anywa, sawa," kwa sababu mwalimu anahitaji kuyasikia kuliko mtu yeyote. Chiriku awepo, naye aungame lake, maana alikutumia akijua, usimbebee. Atakasirika? Akasirike. Ni mkweo, si hakimu.

Kisha mwambie aite wazazi wa darasa lile. Kama watoto wote wanayo, ina maana kila mmoja ana baba, shangazi au bibi aliyekwenda kutia saini kama wewe. Wakubaliane kuzikusanya gemu zote siku moja, asibaki mtoto wa kuchekwa. Na siku ya kikao usikae nyuma. Omba kuzungumza wa kwanza. Ukisimama wewe, mkunga mzima uliyewapokea nusu yao, ukasema, "Mimi nilitia saini," tuone nani atathubutu kusema yeye hakutia.