Mhakiki Aliicheka Mikono ya Mama, Nami Nikacheka Naye

Bi Priscillah mpendwa, nakuandikia kutoka Kericho mjini, na naomba unishauri kabla mwezi haujaisha, kwa sababu kuna barua pepe ninayopaswa kujibu na kila nikianza kuijibu naifunga, na sina wa kuuliza kwa kuwa wale ningewauliza wote wamo ndani ya jambo lenyewe.

Mimi ni Velma, na usilifiche jina langu maana watu ambao ningetaka kujificha kwao washajua. Nimetengeneza filamu moja tu maishani mwangu, filamu ya kutisha inayoitwa Mstari wa Saba. Ilinichukua miaka mitatu, mimi na marafiki wanne na kamera ya harusi tuliyoazima, na kwa vile hatukuwa na taa tulipiga picha zote asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai. Hadithi ni ya mama mmoja mchuna chai ambaye kila akifika kwenye mstari aliopangiwa na nyapara anakuta umeshachunwa, vichaka vimekatwa sare kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakuna nyayo za mtu kwenye umande, na kesho yake mchunaji mmoja hayupo, nyumba yake imefungwa, na ukiuliza hakuna anayekumbuka jina lake. Mashine yenyewe inayochuna huioni, unasikia tu sauti yake kwa mbali. Nilidhani hilo linatosha kumtisha mtu yeyote.

Huyo mama aliigizwa na mama yangu mzazi, Kemuma. Mama alichuna chai miaka ishirini na miwili, hadi mashine zilipoletwa wakaambiwa warudishe vikapu, tukatoka kwenye nyumba za kambi ya wachunaji, na sasa amepanga chumba Mogogosiek. Nilimtumia kwa sababu sikupata mwigizaji anayejua kuchuna. Siku ya kwanza alikuja amevaa nguo za kanisa na kitambaa kipya kichwani, maana kwake kamera ni ya harusi na mazishi, nikamrudisha nyumbani akavae aproni yake ya zamani ya plastiki, akarudi nayo bila kusema neno.

Lazima nikueleze kuhusu mikono yake. Haitulii. Akikaa, awe kanisani au akingoja maziwa yachemke, vidole vinachuna, majani mawili na kichipukizi, mkono wa kulia kisha wa kushoto, na yeye mwenyewe hajui. Kwenye filamu, anapokuta mstari wake umekatwa, anakaa chini kwenye tope, na mikono inaanza kuchuna hewa. Sikumwelekeza, niliiacha tu kamera ikaenda dakika nne.

Tuliionyesha kwanza katika ukumbi wa kanisa huko Mogogosiek, Jumapili baada ya ibada ya pili. Tulipofika kwenye kipande hicho, Chepkemboi, ambaye alichuna mstari wa kando ya mama miaka yote hiyo, alisimama akasema, "Simamisha kwanza hiyo kitu. Hiyo siku nilikuwa huko." Akatoka nje na akina mama wengi wakamfuata, nikabaki na wazee sita na watoto, na Bi Priscillah, niliona haya sana, nikajua filamu imeanguka hata kabla haijatoka kwetu Konoin.

Halafu ikakubaliwa kwenye tamasha Nairobi. Kuna mhakiki huko anaitwa Thuo, anaandika gazetini kila Jumamosi na watu wanamsikiliza. Aliandika kwamba hajawahi kuona jinamizi linaloanza saa tatu asubuhi, kwamba tunaombwa tuogope ua wa vichaka uliokatwa vizuri, na kuhusu mama akaandika maneno ambayo nimeyashika kichwani hadi leo: "Kuna mama mzee anayeonekana kukosea njia akaingia kwenye filamu ya wenyewe, mikono ikimtapatapa utadhani hakuna aliyemwambia kamera inapiga."

Kesho yake tukaketishwa mbele ya watu, waelekezi watano, na Thuo ndiye aliyekuwa na maikrofoni. Akaniuliza, "Velma, yule mama mlimtoa wapi?" Watu wakacheka kidogo. Nami nikajibu, "Huyo? Ni mama fulani tulimpata tu shambani. Mwigizaji wetu hakufika, akaziba pengo." Wakacheka zaidi, na kwa sababu walicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Nairobi mtu kunifurahia, niliinua mikono yangu nikaichezesha vile mama huichezesha. Ukumbi wote ulicheka. Hata mimi nilicheka.

Jumamosi iliyofuata ikatoka gazetini, maneno na mikono, yote. Na sasa nikueleze habari za Joab. Joab alikuwa karani wa kupima majani, na tangu astaafu, kila Jumamosi anakaa nje ya duka la Beldina huko Mogogosiek akiwasomea akina mama gazeti kwa sauti, kwa sababu wengi wao kusoma ni shida, na Joab haruki kitu, anasoma hadi matangazo ya vifo na ya zabuni. Makala ya kwanza ya Thuo aliisoma, mama akiwa amekaa pale. Hii ya pili pia aliisoma. Beldina ndiye aliyenipigia simu, akasema Joab alipomaliza mama akamwambia, "Soma inayofuata."

Nilienda kumwona baada ya wiki mbili. Alinipikia chai, akanipa, kisha akaketi na mikono ameifunika na leso, na kila mara ilipoanza kucheza chini ya leso aliibana katikati ya magoti. Aliniuliza swali moja tu, "Nilikuwa naziba pengo la nani?" Nikamwambia watu wa magazeti hugeuza maneno. Akasema, "Haya."

Sasa ile barua pepe. Kuna watu wanaoonyesha filamu mtandaoni wameniandikia kwamba wanaipenda hadithi ya mashine na ukungu, na wataichukua, ila nirudie sehemu za huyo mama mzee nikitumia mwigizaji anayejulikana, na wamenitajia jina, dada wa Nairobi ambaye nikikutajia utamjua. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Nilimpigia mama nikamweleza, akanijibu, "Nitoe. Weka huyo mwingine. Hii mikono watu wameicheka ya kutosha."

Kwa hiyo naomba unijibu, Bi Priscillah. Mama mwenyewe amesema nimtoe. Nikimtoa, si nitakuwa nimemtii? Na mbona bado siwezi kuijibu hiyo barua pepe? Miaka mitatu ya maisha yangu imo ndani ya filamu hii, sitapata nafasi nyingine, na silali.

Velma Nyagaka, Kericho.

*

PRISCILLAH MWIHAKI ANAJIBU

Velma, umenitumia filamu pamoja na barua, nami nimeitazama mara mbili, kwa hiyo tusianze kwa kubembelezana. Sauti ni mbaya. Yule jamaa anayekimbia kati ya vichaka anakimbia kama mtu aliyechelewa kanisani. Mwisho umeuharakisha. Thuo hakukosea kila kitu, na ukitaka kutengeneza nyingine, rudi usome alichoandika kuhusu sauti.

Lakini dakika zile nne nilizitazama nimesimama. Mimi nilikulia Kipkelion, baba yangu alikuwa na duka, na najua akina mama walioingia dukani mwake wakaagiza sukari huku vidole vinachuna juu ya kaunta. Nikiwa mtoto nilikuwa nikiwacheka, nami naona haya hadi leo, kwa hiyo usidhani nakuhukumu nikiwa nimekaa juu.

Maneno ya Thuo umeniandikia neno kwa neno. Ya Chepkemboi umeyapa mistari miwili, ukasema filamu ilianguka. Binti yangu, ulitengeneza filamu ya kutisha. Mwanamke aliyeyaishi mambo hayo alisimama katikati ya ukumbi akashindwa kuendelea kuitazama, na wenzake wakatoka naye. Ulitaka nini kingine? Ulishawatisha, ila waliotishika hawakuwa wale uliotaka wakusifu. Thuo hajui maana ya kufika kwenye mstari wako ukaukuta umekatwa, na hilo si kosa lake. Wewe unajua. Wewe ulihamishwa kutoka kambini pamoja na mama yako.

Sasa nije kwa jambo ambalo hukuniandikia. Nilingoja hadi mwisho wa filamu nisome majina. Wenzako wanne wamo, mwenye kamera yumo, hata mtu aliyewaazima jenereta yumo na mnamshukuru. Na mama yako? "Mama wa shambani: mwenyeji." Basi. Hakuna Kemuma popote. Filamu ilikamilika kabla Thuo hajaiona, Velma. Kabla ya Nairobi, kabla ya maikrofoni, ulikuwa umeshaamua kwamba asijulikane ni nani wako. Thuo alikuuliza tu kile ulichokuwa umekificha, na jibu ulikuwa nalo tayari. Usimwekee yeye aibu uliyotoka nayo nyumbani.

Unaniuliza kama kumtoa ni kumtii. Hapana. Umempigia mama simu wiki chache baada ya kumcheka mbele ya ukumbi mzima, hujamwomba radhi, ukamwambia kuna watu wanataka uso mwingine mahali pa uso wake. Ulitaka akujibu nini? Akubembeleze umwache? Mama aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya nguo za kanisa na akarudi na aproni bila neno, hawezi kukubembeleza. Alikupa ruhusa kama alivyokupa ile chai, kwa sababu wewe ni mtoto wake na umekuja na shida yako. Ndiyo maana barua pepe haijibiki. Unajua ruhusa hiyo uliipataje.

Na kuna jambo jingine ambalo limenikera zaidi. Umesema nisilifiche jina lako, na mwenyewe umenieleza kwamba Joab haruki kitu. Kwa hiyo ulijua mama yako atasikia ukurasa huu akiwa nje ya duka la Beldina. Ulitaka mimi nimwambie, kwa maneno matamu ya gazeti, kwamba binti yake anamwonea fahari na anajuta, wewe ukiwa Kericho umengoja upigiwe simu na Beldina uambiwe amesikia. Sitafanya hivyo. Katika ukurasa huu mzima sijamwandikia mama yako hata neno moja, na silo jambo nililosahau. Hayo maneno ni yako.

Utafanya hivi. Utakwenda Mogogosiek. Usiende na zawadi, usiende na rafiki wa kukusindikiza, na usiseme tena kwamba watu wa magazeti hugeuza maneno, kwa sababu hakuna kilichogeuzwa. Utamwambia kwamba uliulizwa mlimtoa wapi ukamkana, na kwamba uliigiza mikono yake ili watu wacheke, na utamwambia pia kuhusu majina ya mwisho wa filamu, kwa sababu hilo hajalijua na lazima alisikie kwako. Kisha utanyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, huenda ni mara ya kwanza umempa nafasi hiyo. Akisema "Haya" tena, usiinuke uondoke, kaa.

Siku nyingine, si siku hiyo, muulize kama anataka kubaki kwenye filamu. Akisema ndiyo, rudi uandike jina lake, Kemuma, mama wa mwelekezi, mchuna chai, mbele ya majina mengine yote, uwaandikie watu wa mtandaoni kwamba mama haondolewi, wakatae wakitaka. Akisema hapana, na anaweza kusema hapana, mtoe, kisha uiweke filamu kabatini. Miaka mitatu ni mingi, naelewa, lakini huwezi kuchukua siku ile ya mama yako ukamvisha mwigizaji wa Nairobi aproni yake akae chini kwenye lile tope. Kama hayumo yeye, hakuna filamu. Na kwa Thuo utaandika barua fupi ya kuchapishwa, bila kumjibu kuhusu sinema. Umwambie tu kwamba aliuliza yule mama mlimtoa wapi, na jibu ulilompa lilikuwa la uongo.

Leo ni Jumanne, na jibu hili nimekutumia kwa simu kabla halijaenda kuchapishwa. Gazeti litafika Mogogosiek Jumamosi, kama saa nne. Mara mbili sasa mama yako amejua habari za mtoto wake kutoka kwa karani aliyestaafu. Ya tatu usimwachie Joab.