Mvua Ambayo Haikunyesha

Jumatatu, 3 Machi
Insha: siku nisiyoisahau nikiwa na baba. Mwalimu wa lugha naye! Baba alituhama kabla sijaanza shule; nimkumbuke kwa lipi? Jioni nzima nimetazama nguo zikipepea kwenye kamba. Mwisho nikamwomba Bwana Majibu — ndivyo tunavyoiita ile akili bandia ya kwenye simu. Kufumba na kufumbua, insha nzima! Baba ananipeleka shule siku ya kwanza, mvua inanyesha, ananifunika koti lake, anapiga mluzi. Nimeinakili kwa mkono wangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeongoza darasa! Mwalimu anasema imemtoa machozi, eti nina kipaji. Nikajikausha. Ajabu — wakati wa kurudi nilisikia ule mluzi. Na harufu ya koti lililolowa. Kweli yenyewe ni kwamba alinipeleka mjomba, Mungu amrehemu, na jua lilikuwa kali. Nisamehe, mjomba. Ila mvua hii ni tamu, siwezi kutoka ndani yake.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Kikao cha wazazi, na mwalimu akaisoma mbele ya watu wote. Mama alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini. Hakupiga makofi. Tulipofika jikoni ndipo akauliza: kumbe baba yako alikuja? Siku ile ya kwanza ya shule yeye alikuwa wodini, amejifungua mdogo wangu. Miaka yote hii amemwekea baba kinyongo kwamba hakujitokeza, na mjomba hayupo tena wa kuulizwa. Nikalia badala ya kusema kweli. Akasema usilie mwanangu, mimi ndiye niliyemdhulumu.

Jumapili, 9 Machi
Mama kashona mfuko wa suruali ya mteja kwa nje. Fundi mzima! Akacheka peke yake, akafumua huku anaimba. Sijawahi kumwona hivi. Njia ya mwongo ni fupi, husema yeye mwenyewe. Yangu mbona inazidi kurefuka? Nitamwambia kesho. Anayejua ukweli, mbali na mimi, ni baba tu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimechelewa. Nilikuwa naosha vyombo, mama akampigia baba simu, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Akamsimulia insha. Akamwomba radhi. Akamuuliza mbona hukujitetea siku zote hizo? Nikafumba macho, nikangoja aseme.

Akasema anaikumbuka sana siku ile. Mvua ilikuwa kubwa mno. Akaongeza kwamba nilisinzia begani kwake — hilo hata Bwana Majibu hakuliandika!

Nimekimbilia chumbani, mikono ina povu. Nina hasira naye, mwongo mkubwa. Na nina furaha, Mungu wangu! Mama anaita — baba bado yuko kwenye simu, ananitaka. Anaita tena. Nikamwambie nini? Shikamoo, baba. Halafu…