Ng'ombe wa Mfadhili

Garsen, Alhamisi, Novemba 1957

Mvua imekatika tangu alfajiri, joto limerudi, na mimi sihisi kitu. Naandika kwa sababu mkono umezoea.

Jumatatu basi la Malindi lilileta barua ya Mkuu wa chuo chetu kule Kampala. Mfadhili wa ng'ambo amefunga mfuko wake. Utafiti wangu wa homa ya bandama utakoma mwaka huu ukiisha, nisipopata wengine. Mkuu ameandika kwa upole: sisi watafiti wa chuo kikuu tusibishe hodi mlango mmoja tu, tutafute wafadhili ambao hakuna aliyewafikiria, na watu wa kushirikiana nao.

Niliisoma, nikaikunja, nikala ndizi.

Miezi tisa sasa natega usubi kwenye vichuguu kwa karatasi zilizopakwa mafuta ya nyonyo. Nashuku wadudu hawa ndio wanaowapa homa watoto wa wafugaji, wakavimba tumbo upande wa kushoto na kukonda hadi wakazikwa. Tusipojua vichuguu vipi ni vya hatari, hatuna la kuwaambia mama zao. Jumatatu nililijua hilo pia, ila lilinipita kama habari za nchi ya mbali. Nikaandika barua ya kuomba kazi katika maabara moja Nairobi, nikaitia kwenye bahasha.

Nakiri, niliona nafuu.

Abdi, Msomali mwenye duka ninakonunua mafuta ya taa, ndiye aliyenizuia nisiitume. Aliniuliza kwa nini kila siku naandikia Ulaya. "Daktari, homa hii iko kwa nani? Kwa Mzungu?" Mimi si daktari, nimemwambia mara nyingi, lakini kwa Abdi kila mwenye hadubini ni daktari.

Basi jana tulikwenda naye kwa Mzee Galgalo, mkubwa wa kambi ya wafugaji wa Kiorma ng'ambo ya mto. Tulikaribishwa vizuri, tukaletewa buni zilizokaangwa kwa samli. Nilitafuna mbili tatu, kisha nikatoa fomu yangu ya chuo. Swali la kwanza kwenye fomu ni idadi ya watoto wa boma. Nikaanza kuwahesabu kwa kidole.

Mimi niliyezaliwa Ngao, kijiji cha wakulima huku huku mtoni, niliyekua nikiwauzia watu hawa mahindi. Nilijua kabisa kwamba mtoto hahesabiwi, kwa kuwa hesabu huita kijicho. Elimu ilikuwa imenisahaulisha.

Akina mama waliwaingiza watoto ndani. Abdi aliinamisha kichwa. Mzee alitafuna buni zake hadi zikaisha.

Nikaomba radhi. Kisha, kwa kuwa sikuwa na hofu wala matumaini, nikasema ukweli wote. Kwamba mfadhili amekwenda zake, sina wa kunishika mkono, na siwezi kumlipa mtu hata kikombe cha chai. Nilitaka tu kujua nani anaumwa.

Mzee aliniangalia sana.

"Kundi yako imekufa?"

Nikamwambia, imekufa yote.

"Basi sema hivyo kwanza," alisema. "Mtoto mzima hapana hesabu. Mgonjwa tutaleta, wewe hesabu mgonjwa. Na kichuguu mbaya, wachungaji wataonyesha wewe. Wao najua."

Mwalimu wangu wa takwimu angetokwa na jasho kusikia wagonjwa wanahesabiwa bila wazima. Lakini tangu nianze kazi hii hakuna aliyewahi kuniahidi kuniletea mgonjwa.

Abdi naye, bila kuulizwa, alisema lori lake la mbuzi litabeba chupa zangu za wadudu hadi Malindi, kutoka huko zipelekwe Kampala. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani, nikalala. Bado sikuhisi kitu.

Asubuhi hii nimekuta ng'ombe mwekundu amefungwa mlangoni, ndama wake pembeni. Mchungaji aliyemleta alinipa maneno ya Mzee. Kwao, mtu aliyepoteza kundi haambiwi pole tu, huazimwa ng'ombe wa maziwa hadi asimame tena. Maziwa ni yangu: ninywe, ninayobakisha niuze sokoni ninunulie karatasi na mafuta ya nyonyo. Sharti ni moja. Aliyeazimwa hahami.

Sisi wakulima wa mtoni hatujui kukamua. Nilipigwa teke mara mbili, mchungaji akacheka hadi akakaa chini. Nilipata kikombe kimoja.

Nimeichana barua ya Nairobi. Nimemwandikia Mkuu kwamba mfadhili nimempata, jina lake ni Galgalo, na mshirika wangu ana lori la mbuzi. Sijui kama kwenye vitabu vyao wana mahali pa kuwaandika.

Kisha nikanywa yale maziwa, yangali na joto, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mbona machozi hayakuja nilipopoteza, yakangoja hadi nilipopewa?