Sikukuu ya Taa ya Watu Wawili

Tanga

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linakusumbuaje na baridi ya huko Bashay? Vitunguu saumu vimeota vizuri? Mimi mwili ni mzima. Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ya kaka maneno yangu husikiwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome mwenyewe, polepole.

Wiki iliyopita ilikuwa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Mama Nirmala, huyu mjane ninayemfanyia kazi, alikuwa anamsubiri mwanawe kutoka Uingereza. Tulisugua vyombo vya shaba kwa ndimu na majivu mpaka vikang'aa. Nikasokota tambi za pamba, tukapanga vitaa vya udongo kuanzia mlangoni hadi kwenye kabati lake dogo la ibada, tukavijaza samli.

Jioni mwana akapiga simu. Akasema haji tena. Mama Nirmala alisema tu, "Haya, baba," akaiweka simu mezani. Kisha akaniambia, "Paulina, usiwashe. Viondoe."

Nyumba zote za mtaani zilikuwa zinawaka, watoto wanacheka barazani. Yetu tu ilikuwa giza. Nilisimama na kiberiti mkononi, nikakukumbuka wewe Krismasi iliyopita, uliponiambia kwamba ulilala mapema.

"Mama," nikamwambia Mama Nirmala, "sala zenu sizijui, ila kengele ya ibada naweza kuipiga."

Akainuka, akajifunika kichwa kwa sari. Nikawasha. Akachoma vijiti vya udi, akawa anazungusha sahani yenye taa mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa neema, huku anaimba. Sauti ilimkwama, nami nikaendelea kupiga kengele mpaka ikamrudia. Mwishowe akapitisha viganja juu ya moto, akajipaka usoni lile joto. Akaunyoosha mkono kwangu, kisha akaurudisha.

"Wewe una dini yako," akasema.

Nikainamisha kichwa, Mama. Akaniwekea mkono. Ulikuwa wa moto, unanukia udi. Nililia, maana tangu niondoke nyumbani hakuna aliyenishika kichwa. Katekista akiuliza, mwambie ndivyo ilivyokuwa.

Tukala vitamu alivyomwandalia mwanawe. Akaniuliza, "Mama yako anakaa na nani?"

"Kaka ana mji wake. Mama analala peke yake."

Halafu akasema, "Krismasi nenda."

Nilifurahi. Nikataka kumuuliza yeye atabaki na nani, nikashindwa. Jibu analijua, na mimi nalijua.

Basi nakuja. Msalimie kaka na wifi yangu, na shangazi mwenye duka kule Dongobesh, mwambie namkumbuka. Nitandikie chumbani kwako, si kwa wageni. Ila nikifika, Mama, usiharakishe kuniuliza nitarudi Tanga lini.

Ni mimi mwanao,
Paulina