Kwa Marcella Chepkirui, Aliyemwachia Mama Chupa ya Maji ya Kijito

Mwaka umetimia, Marcella, tangu Juni ile ya 1998 tulipokulaza hapa nyumbani Kapsoit, mvua ikinyesha mpaka mchungaji akafupisha maombi. Ninayeandika ni mimi, Kipkosgei, mdogo wako. Wengine wamekaa nyuma yangu wakinirekebisha, unawajua walivyo.

Tunakukumbuka ukija likizo, msomi mzima na shahada zako, unajifunga leso kiunoni na kuchuma chai pamoja na akina mama mpaka wakati wa kupeleka majani kwenye kituo. Ulikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mtu akikuita daktari kisha akakuonyesha kidonda, ulikuwa unacheka. "Mimi si daktari wa watu," unamwambia. "Wagonjwa wangu hawaonekani hata kwa miwani." Halafu unamsafishia kidonda vilevile.

Hao wasioonekana ulitufundisha mara nyingi, na tuseme ukweli, tulishika nusu. Kwamba kuna viumbe ambao mwili wao wote ni seli moja tu. Kwamba ndani ya kila seli, iwe yao, ya ng'ombe, ya mchai au yangu mimi, kuna ribosomu zinazotengeneza protini, na kinachoziendesha hasa ni RNA, ambayo imerithiwa tangu kale bila kubadilika sana. Ukapata viumbe wa namna hiyo kwenye kijito chetu, chini ya chai. Dawa ya kuzima ribosomu iliua wenzao wote, wao wakaendelea kuogelea. Ulipofuatilia jeni zao ukakuta ni herufi moja tu ya RNA hiyo iliyobadilika. Siku uliyotuletea habari hiyo ulicheza jikoni na mwiko mkononi, na ugali ukaungua. Tuliula hivyo hivyo.

Stima ya maabara kule Nairobi hukuiamini hata kidogo. Ndiyo maana ulimwachia Mama wachache wao kwenye chupa ya jemu, awawekee maji ya nyasi zilizochemshwa na kupoa kila Jumamosi. Ulimwambia, "Mama, usiache, hata nikichelewa kurudi." Mama akaiweka chupa chumbani kwake na kutukataza hata kupiga mlango kwa nguvu.

Kisha zikaja zile mvua ambazo hazikutaka kuisha, na mbu wakapanda mpaka huku kwetu kwenye baridi. Malaria ikakushika ukiwa likizo. Hata hiyo malaria ni kiumbe cha seli moja. Wewe uliyewapenda hivyo, ukawatetea mbele ya kila mtu, mmoja wao akakuchukua. Hilo tumeshindwa kulisamehe, Marcella, na hatutajifanya tumelisamehe.

Mwezi wa nne mwaka huu alikuja Ratemo, yule mwenzako wa maabara. Stima ilikuwa imepotea huko siku nyingi na viumbe wako wote walikuwa wamekufa. Kazi yako haijakamilika, akatuambia, na bila hao haiwezi kukamilika. Tumaini lake lote lilikuwa ile chupa.

Mama akaingia chumbani akifurahi, akatoka na sotet, kile kibuyu chake kizuri kuliko vyote, chenye shanga.

"Chupa iko wapi, Mama?" Ratemo akauliza.

"Chupa ni baridi sana, na mtu anaona ndani. Siku ya mazishi niliwahamisha. Nilikipaka ndani makaa ya mti wa senetwet vizuri kabisa, kama cha maziwa, wasiharibike."

Wewe mwenyewe ndiwe uliyetueleza kwa nini mursik, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, inakaa muda mrefu, kwamba moshi na yale makaa yanaua vijidudu. Nasi tulimwona Mama akipaka makaa hayo siku ya mazishi, tukafikiri anatayarisha maziwa ya wageni. Ratemo akaweka hadubini yake kwenye meza ya barazani, akatazama tone, akafuta kioo, akatazama lingine. Alifuta kioo tena na tena. Mwishowe akasema, "Asante, Mama, umewatunza." Kule getini ndipo aliponiambia hakuna hata mmoja aliye hai. Alichota maji ya kijito pia, akaenda nayo, na mpaka leo hajawapata wale wako.

Hatukumwambia Mama. Kila Jumamosi tulimwona akichemsha nyasi, akizipoza, akiingia nazo chumbani, na sisi tunaangalia pembeni. Wiki iliyopita, tulipokaa kuandika tangazo hili, nikashindwa. Nikamwambia yote.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mtu aliyeona kitu hafuti kioo namna hiyo."

"Sasa mbona bado unawalisha?"

Akaendelea kupepea ile sufuria ipoe. "Pale hospitali hakuweza tena kuongea. Hilo la kuwalisha alilirudia tukiwa njiani kwenda huko, na ndilo neno la mwisho alilonipa. Nikiacha, nitabaki na neno gani?"

Nilichukua kifuniko, dada, nikaipepea pamoja naye.

Unakumbukwa na mama yako Jerusa. Ndugu zako Kipkosgei na Kipruto. Dada yako Fancy na mumewe. Mpwa wako Nelvine, anayesema atasoma ulichosoma. Rafiki yako Ratemo na wenzako wa maabara. Na akina mama wa kituo cha kununulia majani, Kapsoit.

Tukiwa hai, Marcella, hutasahaulika.